Namba Kumi na Nne, Njia ya Upendo

Kwa heshima na taadhima, mbele ya wasomaji wote, wageni waalikwa, na wale walioingia humu kukimbia mvua tu, ninatangaza rasmi kwamba kuanzia sasa hakuna mtu katika Jamhuri hii atakayepotea. Kila nyumba ina namba. Kila njia ina jina. Kila kata ina postikodi. Hata mwizi, akiwa mtu wa kupenda barua, anaweza kuandikiwa na ikamfika.

Tangazo hilo lina kasoro moja. Yupo mwanamke katika kata ya Ipyana, wilaya ya Kyela, ambaye nyumba yake ilipewa namba na njia yake ikapewa jina, na hapo ndipo alipopotea.

Jina lake ni Asifiwe. Aliolewa na Nelson, mtoto wa kwanza wa Mzee Andongwisye, naye Nelson ni utingo wa lori linalopeleka kokoa na mchele Mbeya na kwingine, kwa hiyo nyumbani huonekana kama mwezi mwandamo. Asifiwe alikaa nyumba ndogo ya nyuma. Nyumba kubwa ya mbele walikaa Mzee Andongwisye, mke wake Mama Damari, na kitinda mimba wao, Nsajigwa, aliyekuwa likizo ya Aprili kutoka shule ya bweni: kijana mtanashati, mwenye akili nyingi, ambaye hatutamzungumzia sana.

Siku ya mkutano wa kijiji, mtendaji wetu, Bwana Ezekiel, alisimama mbele ya ghala la kokoa akaeleza jinsi mpango unavyofanya kazi. Alieleza vizuri, hilo nakiri.

"Postikodi ni tarakimu tano," alisema. "Ya kwanza ni kanda. Ya pili ni mkoa. Ya tatu ni wilaya. Mbili za mwisho ni kata. Mtu yuko Dar es Salaam, hajawahi kuona hata mgomba wa Kyela, akizisoma hizo tano ameshafika Ipyana bila kulipa nauli. Akishafika anauliza njia. Akishaipata njia anauliza namba. Namba za kushoto zinakwenda moja, tatu, tano. Za kulia zinakwenda mbili, nne, sita. Sasa niambieni, mtu huyo atapotelea wapi?"

"Kwenye matope," alijibu mtu kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Mambo haya ni kama salamu zetu Wanyakyusa. Huanzi na shida yako. Unaanza mbali, ugonile, yaani umelalaje, watoto wamelalaje, ng'ombe wamelalaje, unasogea taratibu mpaka unafika mlangoni. Lakini ukiruka hatua moja katikati, husikilizwi.

Ilipofika zamu ya njia yetu, hapakuwa na ubishi. Mzee Andongwisye ndiye aliyekubali kukata mikokoa yake ili njia ipite, wala hakudai fidia. Bwana Ezekiel akapendekeza iitwe Njia ya Andongwisye. Wanaume walipiga makofi. Mzee alivua kofia, akaikunjakunja mikononi. Mbali kidogo, walikokaa wanawake, Asifiwe alijitanda kanga usoni.

Kwetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake, hakai naye chumba kimoja. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Wachungaji wamehubiri juu ya jambo hilo, walimu wamelicheka, vijana wa mjini wameliacha. Asifiwe hakuliacha. Siku alipoolewa, mama yake alimwambia neno moja tu: mdomo ukiteleza, tumbo ndilo hulipa. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imetoka. Sasa alikuwa na ya pili, imekua mpaka anatembea ameshika kiuno, na hakuwa tayari kubahatisha.

&nbsp;

Kliniki, muuguzi aliyekuwa akijaza kadi alikuwa mgeni katika wilaya, anaitwa Felista. Alikuwa na foleni ndefu na kalamu iliyokuwa ikikata wino.

"Kata?"

"Ipyana."

"Nyumba namba?"

"Kumi na nne."

"Njia?"

Asifiwe akakunja ncha ya kanga.

"Dada, njia gani?"

"Ninaijua," alisema Asifiwe.

"Sijakuuliza kama unaijua. Itaje."

"Siwezi kuitaja."

Felista alinyanyua uso. "Unakaa mahali ambapo hapatajiki?"

"Labda ni kwa mume wa mtu," alisema mwanamke mmoja kwenye benchi, na benchi zima likacheka, matumbo yakitikisika.

Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake akaingilia kati. "Mwacheni. Hiyo njia ina jina la mkwe wake."

"Kwa hiyo niandike nini?" Felista aliuliza. "Niandike 'mkwe'?" Halafu sauti yake ikapungua ukali. Alimsogelea Asifiwe. "Sikiliza, mdogo wangu. Mimba moja imeshakutoka. Mtoto huyu kalala vibaya kidogo, unatakiwa uzalie hospitali. Uchungu ukianza unapiga ile namba ya bure ya gari la wajawazito. Anayepokea yuko mbali, hakujui. Atakuuliza hivihivi ninavyokuuliza mimi. Siku hiyo nani atakusemea?"

"Mama yupo nyumbani."

"Na mama asipokuwepo?"

Felista aliacha mstari wa njia wazi, akamrudishia kadi. Njia nzima ya kurudi nyumbani Asifiwe aliishika kadi ile kifuani, maandishi yakiwa kwa ndani, kama mtu aliyefeli mtihani.

Mama Damari alipoambiwa alisema, "Nitakusemea mimi. Kwani mimi nakwenda wapi?" Akamkata kipande cha ndizi ya kuchoma, akamwambia akae.

Kijana Nsajigwa, ambaye hatumzungumzii sana, alisikia habari hiyo akaifanya kuwa kifungua kinywa chake. Kila asubuhi alisimama mlangoni pa jiko, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

"Ugonile, shemeji. Samahani kwa usumbufu. Unakaa njia gani?"

"Gwe, nitakumwagia maji."

"Andika: anakaa njia ya Nitakumwagia Maji. Namba?"

Asifiwe alimtupia maganda ya ndizi. Alikuwa akimpenda kijana huyu. Ndiye aliyemchotea maji mimba ilipokuwa nzito, ndiye aliyemsomea jumbe za Nelson pale simu ya Nelson ilipoandika kwa vifupisho. Alicheka, na kijana akaona kwamba kicheko hicho ni ruhusa.

&nbsp;

Wiki moja baadaye palionekana tangazo kwenye ukuta wa ghala la kokoa. Lilikuwa limepigwa chapa, lina mhuri wa bluu, na lugha yake ilikuwa tamu mno.

"Inatangazwa kwa wakamwana wote wa kijiji," lilisema, "kwamba kwa kuzingatia mila na desturi njema, na ili kulinda heshima ya wakwe, kila njia yenye jina la baba mkwe imepewa jina mbadala litakalotumiwa na mkamwana pekee. Njia yenye nyumba namba mbili hadi ishirini na sita, upande wa kulia, itajulikana kwa mkamwana kama Njia ya Upendo. Mkamwana atakayetumia jina hili atahudumiwa na vyombo vyote vya umma bila kuulizwa swali."

Msomaji mwerevu ameshatambua kwamba hakuna ofisi duniani inayojali wakamwana kiasi hicho. Bwana Ezekiel hakujua lolote. Siku hizo alikuwa wilayani kwenye semina. Nani aliandika? Hadithi hii haina nafasi ya kushughulika na mambo madogo.

Watu waliolisoma walicheka, mmoja akaling'oa akalifungia karanga. Lakini Asifiwe alikuwa ameshapita. Alilisoma mara mbili, akiwa na debe la pumba kichwani, na kitu kilichokuwa kimemkaba tangu siku ya mkutano kikaachia. Hakulicheka, kwa sababu aliyekwama hachunguzi kamba aliyotupiwa.

"Mama," alimwambia Mama Damari jioni, "ofisi imenipa jina langu. Ni Njia ya Upendo."

"Ofisi gani?"

"Ofisi ya kijiji. Kuna mhuri."

Mama Damari hajui kusoma, naye anaheshimu mihuri. Alishukuru, "Ndaga, Bwana Yesu," akaendelea kupepeta mchele. Nsajigwa alikuwa hapo akila ugali. Alikohoa, akanywa maji, akatazama paa. Angeweza kusema. Alifikiri atasema kesho, mzaha ukishaiva vizuri.

Asifiwe alilishika jina hilo kama wimbo wa kwaya. Namba kumi na nne, Njia ya Upendo. Alilitamka akiosha vyombo. Alilitamka akianua kokoa mvua ikitisha. Hata mtoto tumboni, kama watoto husikia, atakuwa alilijua.

&nbsp;

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, mvua ikinyesha tangu alfajiri kana kwamba inalipwa. Mito ilikuwa imejaa, mashamba ya mpunga yakawa ziwa jingine. Mama Damari alikuwa msibani ng'ambo ya mto, kwa mtu wa kanisani. Asingeweza kukosa, kwetu mtu asiyekwenda msibani kwa wenzake atazikwa na ng'ombe. Nsajigwa alikuwa amekwenda Kyela mjini kutazama mpira. Nyumbani walibaki watu wawili: Mzee Andongwisye kwenye baraza ya mbele, akishona mkeka wa kuanikia kokoa, na Asifiwe kwenye nyumba ya nyuma.

Maji yalimtoka mchana, ghafla, akiwa amesimama. Alikaa kitandani akasubiri kidogo. Uchungu ulipokuja haukuja kwa kupanda taratibu kama wanawake walivyomwambia. Ulikuja wote.

Alichukua simu yake ndogo, ikiwa na chaji ya kubabaisha kwa sababu umeme ulikatika tangu jana. Alipiga namba ya bure. Alipokea dada mwenye sauti ya upole.

"Pole sana, dada. Uko wapi?"

"Ipyana. Kyela."

"Njia gani?"

Asifiwe alifumba macho, akasema kwa uhakika wote. "Njia ya Upendo. Namba kumi na nne."

Vidole viligonga kibodi. "Dada, Ipyana sioni Njia ya Upendo. Naiona moja, kata ya Njisi. Uko Ipyana au Njisi?"

"Ipyana. Ni jina la ofisi. Walitupa sisi wakamwana."

"Sijakuelewa."

"Lina mhuri," alisema Asifiwe, na uchungu ukamkata sauti.

"Pole. Pumua. Nipe alama yoyote. Nyumba ikoje?"

"Ina migomba mbele."

"Dada yangu," alisema yule dada, bila dharau, "Kyela nyumba zote zina migomba mbele. Jina lingine la njia hiyo hulijui?"

Hapo mvua ilisikika peke yake juu ya bati. Jina lilikuwepo. Lilikuwa mdomoni, nyuma ya meno, silabi zake zote zimejipanga. Asifiwe aliweka mkono juu ya tumbo lake. Akakumbuka damu ya mara ya kwanza, akakumbuka maneno ya mama yake.

"Jina ni hilo," alisema. "Upendo."

"Haya. Njisi namba kumi na nne ipo, labda walikosea kata kwenye kadi yako. Natuma gari. Usizime simu, dereva atakupigia."

Simu ilizimika yenyewe.

Gari lilikwenda Njisi. Dereva aliendesha vizuri, alifuata kila alichoambiwa, alifika Njia ya Upendo namba kumi na nne bila kuuliza mtu hata mmoja. Alimkuta mzee mmoja anabangua karanga. Alimuuliza yuko wapi mama mjamzito. Mzee akamjibu kwamba mke wake ana miaka sabini na mbili, lakini kama serikali ina mpango huo, yeye yuko tayari kusikiliza.

&nbsp;

Sasa nirudi Ipyana, ingawa singependa.

Mzee Andongwisye alisikia sauti ya kwanza akafikiri ni mbuzi. Ya pili akajua si mbuzi. Aliinuka, akaenda mpaka kona ya nyumba kubwa, akasimama hapo ambapo tangu zamani wakwe wote husimama. Mbele yake palikuwa na ua uliofagiliwa, na ng'ambo ya ua mlango wa mkamwana. Mtoto mdogo angevuka ua ule kwa pumzi moja. Yeye hakuwahi kuuvuka tangu Nelson alipooa.

Mbuzi alikuwa amefungwa chini ya upenu, analowana. Mzee akamtazama yeye.

"We mbuzi," alisema kwa sauti ya juu, "muulize mwenye nyumba kama anaumwa."

Kisha sauti ya Asifiwe ikatoka ndani, imekatikakatika. "Mbuzi, mwambie taata ni uchungu."

"Muulize kama ameita gari."

"Mwambie nimeita. Linakuja."

"Muulize kama amewaelekeza vizuri."

"Mwambie nimetaja njia na namba."

Mzee alisikia kwamba njia imetajwa. Alielewa maana yake, au alidhani ameielewa. Mkamwana wake amelitamka jina, kwa ajili ya mtoto. Hakukasirika. Alivua kofia mvuani, kama alivyoivua siku ile ya mkutano. Kisha akachukua mwavuli, akaenda njia panda kulisubiri gari ili lisipite.

Kwenye njia panda pana nguzo ya bati yenye jina lake. Alisimama chini yake. Maji yalipita miguuni, yakiwa na maganda ya kokoa na kandambili ya mtu. Alitazama upande wa barabara kubwa. Hakuna kilichokuja. Alisimama mpaka mwavuli ukageuka kinyumenyume kwa upepo, naye akauacha hivyo.

Aliyekuja mwishowe ni Dickson, kijana wa bajaji, anarudi mjini bila abiria.

"Mzee," alisema Dickson, akitoa kichwa nje, "mbona umesimama chini ya jina lako? Unalilinda lisiibiwe?"

"Mkamwana wangu anajifungua. Gari halijafika."

Dickson alirudisha kichwa ndani. Aligeuza bajaji, akaingia nayo uani mpaka mlangoni.

Asifiwe hakuweza kutembea. Dickson alimshika mabegani, lakini Dickson ni mwembamba, na sakafu ilikuwa imelowa. "Mzee," aliita kutoka ndani, "peke yangu siwezi."

Mzee Andongwisye alivuka ua. Mlangoni alivuta shuka lililoanikwa kwenye kamba ya ndani, akajifunika uso wake mwenyewe, akaingia kama kipofu akipapasa. Alimshika mkamwana wake miguu. Asifiwe alifumba macho. Walimtoa hivyo, mmoja haoni kwa shuka, mwingine haoni kwa hiari, na Dickson katikati akisema kulia, kulia, sasa ngazi, mzee, ngazi.

Kwenye daraja la mashamba ya mpunga bajaji ilikwama. Mzee alishuka akasukuma, shuka likiwa limeanguka topeni. Asifiwe aliyekuwa amelala kiti cha nyuma alimwona, uso kwa uso, kupitia plastiki ya dirisha. Hakugeuka. Alikuwa ameshafika mahali ambapo mtu hageuki.

Walipofika hospitali, mtoto alitolewa akiwa na rangi isiyo yake. Wauguzi walimfanyia kazi kwa muda mrefu. Alipumua. Hakulia. Felista, ambaye zamu yake ilimkuta huko, alitoka nje akamwambia mzee, "Mama mzima. Mtoto tusubiri." Mzee akauliza tusubiri nini. Felista akasema, "Tusubiri tu, baba. Angefika mapema kidogo ningekuwa na jibu lingine."

&nbsp;

Juma lililofuata wakarudishwa nyumbani. Mtoto alikuwa wa kiume, mzuri wa sura. Alinyonya kwa kulazimishwa, na akilala hakuna aliyejua kama amelala.

Jumapili baada ya ibada wakaitwa watu wachache kwenye sebule ya nyumba kubwa. Kwanza, ilibidi kusafisha kosa la mkwe kumgusa mkamwana na kutazamana naye. Mzee mmoja wa ukoo alikuja na kuku kwa ajili hiyo. Pili, Nelson, aliyefika kutoka Mbeya na macho mekundu, alitaka kumwona mtendaji. Asifiwe alikaa chumba cha pembeni na mtoto wake, pazia likiwa kati yake na baba mkwe, na pazia lilikuwa jembamba.

"Mtendaji," alisema Nelson, "mke wangu alisoma tangazo lako. Lina mhuri."

"Si langu," alisema Bwana Ezekiel. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. "Nelson, ofisi yangu tangu Februari haina hata karatasi ya kuandikia barua ya likizo yangu. Ningetoa wapi ya matangazo?"

"Wanaolikumbuka wapo."

"Walikumbuke. Tayari nimeitwa wilayani nijieleze. Wanasema nilibuni majina nje ya mfumo. Nina watoto wanne, mwenzangu."

"Mimi nilikuwa naye mmoja tu," alisema Nelson.

"Unaye," alisema Mama Damari haraka. "Usiseme nilikuwa."

Mzee Andongwisye alikuwa akisikiliza. Sasa akasema, "Labda kosa si la tangazo. Labda yule wa kwenye simu hakusikiliza. Mkamwana alitaja njia. Aliniambia."

"Alitaja ipi?" aliuliza mzee wa ukoo.

"Upendo, ile ya tangazo," alisema Nelson. Mzee akamgeukia mtoto wake msomi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, amejitenga kidogo kama kawaida ya watu wenye akili. "Nsajigwa, wewe unafahamu mambo haya ya mitandao. Tueleze. Mtu wa simu anafanyaje kazi?"

Kijana alisimama. Amezoea kusimama mbele ya watu. Shuleni ni katibu wa klabu ya mdahalo. Aliona Bwana Ezekiel anavyotetemeka akaona hapa pana nafasi ya kumsaidia bila mtu yeyote kuumia. Akaanza vizuri. Alieleza kwamba mfumo hauna kosa, kwamba kanda, mkoa, wilaya na kata vinashikana kama vidole, kwamba yule dada wa simu naye hana kosa.

"Yeye alitafuta Ipyana hakuona jina," alisema kijana. "Akauliza, uko Ipyana au Njisi. Akaomba alama. Ukimwambia nyumba ina migomba mbele, lazima akujibu kwamba Kyela nyumba zote zina migomba mbele. Alikuwa mpole kabisa. Angefanya nini zaidi?"

Bwana Ezekiel alitikisa kichwa kwa shukrani. Nje jogoo wa kafara aliwika.

"Nsajigwa." Sauti ilitoka nyuma ya pazia, haikupanda. "Hayo ya migomba sijamwambia mtu. Si Nelson, si mama. Umeyajuaje?"

Watu wote walimtazama kijana. Na mimi ningekutazama, msomaji, kama ungekuwepo, kwa matumaini kwamba una la kusema.

Nsajigwa ni mimi.

Sikwenda Kyela mjini. Nimekuandikia hivyo kwa sababu niliwaambia nyumbani hivyo, na uongo ukishausema mara kadhaa unakuwa na adabu ya ukweli. Nilikuwa nyuma ya nyumba ya shemeji, chini ya paa la kuanikia kokoa, nimejikinga mvua. Tangazo niliandika mimi, steshenari ya mjini, kwa pesa ya sabuni ya shule. Mhuri ni kizibo cha soda. Hayo ni mzaha, na ningeomba msamaha kwa hayo nikiwa nimesimama wima.

Jambo lenyewe ni simu. Simu yake ndogo haisikiki sikioni, kwa hiyo huweka spika. Nilisikia kila kitu. Nilisikia alivyotaja jina langu la uongo kwa uhakika ule. Nilisikia alivyoulizwa jina lingine. Nilikuwa hatua chache tu kutoka dirishani, na jina lile mimi naruhusiwa. Ni jina la baba yangu. Naliandika kwenye kila daftari. Ningelisema mara moja tu, gari lingekuja kwetu.

Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kusikia kama atalitamka. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyolisimulia bwenini, na sauti nitakayotumia. Hata nilijiziba mdomo nisicheke. Alipoanza kulia kwa namna nyingine nilikimbia, nikapitia migombani, mbali na njia panda, ili baba asinione.

Haya niliyasema pale sebuleni, si kwa mpangilio mzuri kama huu. Nelson alisimama. Baba akamwambia, "Kaa," naye akakaa. Mama alijifunika kanga kichwani kama mtu wa msibani. Bwana Ezekiel aliangalia viatu vyake. Baba hakuniuliza kitu. Nilisubiri anitukane, na nilingoja kwa hamu.

Mkono wa shemeji ukatokea pembeni mwa pazia, ukaniita kwa kidole.

Niliingia. Alikuwa amekaa kitandani, mtoto magotini, amefunuliwa. Hakunitazama.

"Kaa hapa," alisema. "Mpe kidole chako."

"Shemeji—"

"Watoto wote hushika. Muuguzi kanionyesha. Unaweka kidole kiganjani, mtoto anakikamata. Kila asubuhi najaribu. Leo jaribu wewe."

Niliweka kidole changu kwenye kiganja chake. Kilikuwa cha moto na laini, mistari yote ipo. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama mahali fulani juu ya bega langu. Nilisubiri. Nje walikuwa wameanza kuzungumza tena, kwa sauti za chini. Nilikibonyeza kidogo. Nilisubiri tena, shemeji akihesabu pumzi za mwanawe kwa midomo tu, na vidole vile vitano vikabaki wazi, kama nilivyovikuta.